Mfano Mmoja wa Ulegevu

Jumatatu, 4 Machi

Namshukuru Mungu kwa asubuhi ya leo. Nimebakiza maneno matatu! Matatu tu, na herufi L yote itakuwa imekwisha, na mimi nitakuwa mtu aliyeandika herufi nzima ya kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Marehemu mama angekuwepo angeiweka kamusi sebuleni imefunguliwa hapo hapo kwenye L, na asingeruhusu mtu aifunge.

Matatu yenyewe yananitazama hapa mezani: laxity, lava, leniency. Maana zake nimeshaziandika. Laxity, kwa mfano, ni ulegevu, ile hali ya kutokaza mahali panapotakiwa kukazwa. Kinachokosekana ni mifano. Na hapa ofisini mfano si jambo la mchezo. Sheria ya Mhariri ni kwamba kila mfano uwe ni kitu ulichokishuhudia mwenyewe, kwa macho au kwa masikio, na nyuma ya kadi uandike siku na mahali. Kutunga ni marufuku. Yule aliyekuwa na herufi G alitunga mfano wa mbuzi. Akaulizwa mbuzi yuko wapi. Hakuwa na mbuzi. Siku hizi anauza makava ya simu.

Ndiyo maana L imenitoa jasho. Simba nilimwona kwenye televisheni tu, Mhariri akakubali shingo upande. Ngazi nilianguka nayo. Neno la chawa sitaki hata kulieleza.

Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Atakayechelewa zawadi yake inajulikana: anapewa herufi X. Maneno yake hayajazi kiganja, na mtu akikuuliza kazini unafanya nini, unajifanya hukusikia.

Bi M, ambaye ndiye mwenye herufi M na meza yake imetazamana na yangu, alimaliza tangu wiki iliyopita. Nikaona nimtumie yeye. Nimkamate na ulegevu mmoja tu, mdogo, niuandike, nimalize kazi na kumtia adabu kwa wakati mmoja. Nimemvizia kutwa nzima. Wapi! Mwanamke anafika kabla ya milango kufunguliwa. Penseli zake zimechongwa zote urefu mmoja. Hata chai anakunywa amesimama. Mchana nilisinzia kidogo katika huko kuvizia, na nilipofumbua macho nikamkuta ananitazama huku anaandika.

Nilimuuliza herufi M ameimalizaje upesi hivyo. Akasema ni kwa sababu anakaa mkabala na mimi, na maneno mengi yamemjia bila kuyatafuta. Nikamshukuru. Si kila mtu anakiri msaada wa mwenzake.

Jumanne, 5 Machi

Nimeupata! Mungu akupe nini tena!

Mpango ulinijia wakati napiga mswaki. Mkurugenzi wetu mpya, mtu wa mahesabu aliyeletwa kutunyoosha, ametoa amri kwamba hakuna kuingia ofisini bila kitambulisho, uwe nani, hata uwe yeye. Mlinzi wa getini ni yule tunayemwita Komeo. Nikajisemea, nikikiacha kitambulisho nyumbani makusudi, na Komeo akanipitisha, huo si ndio ulegevu wenyewe? Tena mtupu, bila magamba, na shahidi ni mimi mwenyewe.

Mara ya kwanza alinikatalia. Kwa adabu sana lakini. Akasema, kaka, nakujua kama ninavyokijua kidole changu, ila amri ni amri. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye L. Akasema analijua hilo. Nikamsifia viatu. Akasema ahsante, akabaki pale pale kama alivyo.

Nikazunguka nyuma ya ukuta nikafikiri. Hapo mvua ikashuka. Mvua ya siku hizi haina hodi. Muda si muda nimelowa mpaka soksi. Mtu mwingine angelalamika, lakini mimi niliishukuru kwa sauti. Nikarudi getini natetemeka, nusu kweli na nusu ya kuongezea, nikatoa kikohozi kirefu, kile cha babu yangu alipokuwa hataki kwenda shamba. Nikasema, kifua changu, kaka, kifua.

Komeo akanitazama. Akainua macho kwenye dirisha la Mkurugenzi. Akanitazama tena. Kisha akafungua.

Na si kufungua tu! Aliniingiza kwenye kibanda chake, akanikalisha kwenye kiti chake, akanivua koti langu na kunivisha lake lililokuwa kavu. Akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Akachukua taulo akanikausha kichwa. Hakuna mtu aliyenikausha kichwa tangu nikiwa mdogo. Niliguswa. Kweli kabisa niliguswa. Mkono mmoja nimeshika kikombe, kwa mkono wa pili nikachomoa kadi mfukoni nikaandika kabla tukio halijapoa:

"Kwa sababu ya ulegevu wa mlinzi, mtu asiye na kitambulisho aliingia ofisini."

Nyuma yake: Jumanne tarehe tano, geti la mbele, kibanda cha mlinzi, mvua inanyesha, chai ya tangawizi.

Akauliza naandika nini na hali nimelowa chapachapa. Nikamwambia naandika habari zake, atakuwemo ndani ya kamusi. Alifurahi sana yule bwana. Akasema wanawe wataisoma shuleni.

Jioni mke wangu akataka kujua hili koti ni la nani. Nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Akasema anakwenda kulifua, na nitakapolirudisha nimshukuru vizuri, maana huyo ni mtu wa watu. Nikamwambia shukrani nimeshaziandika. Aliniangalia, akaingia na koti bafuni.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na kikohozi cha kweli. Sina neno. Kwa siku moja kifua kimekuwa mwongo, sasa kimeamua kutubu. Koti halijakauka.

Leo nilivaa kitambulisho. Komeo alinisimamisha, akakitazama, akauliza hali ya kifua. Nikasema tunashukuru. Akanipa limau nikalikamulie kwenye maji ya moto. Limau ni neno langu pia, lakini lilishapata mfano.

Kadi nikaipeleka kwa Mhariri. Mhariri wetu ni mzee mpole, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na kadi anaisoma kama barua iliyotoka kwa mjukuu. Bi M akaja akasoma begani kwangu bila kuombwa. Akasema tukio ni zuri ila neno si lake, akanishauri nilifikirie upya kabla kadi haijapanda juu. Wivu huo! Mimi nilimshukuru hata hivyo, maana mwenye wivu naye ni mpenzi wa kazi yako. Mhariri akashika kidevu, akaanza kusema, "Unajua, kwa upande mmoja..." Nikaona anataka kunyanyuka apeleke kadi, na magoti yake yale. Nikamwambia asijisumbue, mzee wangu. Nikaichukua mwenyewe nikaikimbiza kwenye trei ya Mkurugenzi, ambaye siku hizi husoma kadi zote kabla hazijaenda kuchapwa.

Mchana kutwa nilisubiri sifa. Saa tisa nikaitwa! Nikafunga kifungo cha shingoni nikapanda.

Mkurugenzi alikuwa ameishika kadi kwa ncha za vidole. Akauliza kama jambo hili ni la kweli. Nikajibu kwa fahari kwamba sisi hapa hatutungi. Akauliza ni mlinzi yupi. Nikasema ni huyu wetu wa asubuhi, mtu mwema kupita kiasi, hata sukari ananipimia kwa mkono wa ukarimu. Akauliza huyo asiye na kitambulisho alikuwa nani. Nikasema ndiye mimi. Akanishukuru kwa ukweli wangu. Nami nikamshukuru kwa kunishukuru. Tukashukuriana pale kwa muda.

Wakati nashuka nikapishana na Komeo anapanda, kofia ameishika mkononi. Akaniuliza kama anaitwa kwa mambo ya kamusi. Nikasema ndiyo. Na si uongo.

Alhamisi, 7 Machi

Getini kuna mtu nisiyemjua. Alikitazama kitambulisho changu mbele, akakigeuza nyuma, akakiinua kwenye mwanga. Hakuuliza habari ya kifua.

Komeo amesimamishwa kazi! Kikao ni kesho saa nne. Ikithibitika kwamba alimfungulia mtu asiye na kitambulisho, basi kazi hana. Aliyenipa habari ni Bi M. Angenifokea ningepata nafuu. Alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba Komeo ana watoto watatu wanaosoma na mkewe amejifungua wa nne juzi juzi. Kisha akarudi kwenye meza yake akachonga penseli ambayo ilikuwa imechongwa tayari.

Nilikaa. Sikulikusudia hili. Mimi nilitaka mfano tu, jamani. Nilimpenda yule mtu, nikamweka kwenye kamusi, na sasa kamusi imemla.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na kulia. Mpango wa kwanza: kuitorosha kadi. Nikaenda kwa Mkurugenzi nikasema nimekumbuka kosa la uandishi, naomba kuirekebisha. Akanipa kadi na kalamu, akasimama juu ya kichwa changu. Nikatafuta kosa. Hakuna! Kadi zangu zote zina makosa, ila hii moja nimeiandika kama malaika. Nikakoleza nukta iliyokuwepo. Nikamrudishia. Akanisifu kwa umakini.

Mpango wa pili: kusema nimetunga. Hapo nikamkumbuka yule wa G na mbuzi wake, mikono ikapoa.

Mpango wa tatu: kuugua, kikao kiahirishwe. Kikohozi ninacho, halali yangu. Nilipokohoa mara ya tatu Bi M akasema, bila kuinua macho, kwamba nisipoonekana kesho atanifuata nyumbani na nitabebwa na kitanda changu. Namshukuru, nilikuwa bado sijawaza habari ya usafiri.

Jioni nikachukua koti, limefuliwa na limepigwa pasi, nikalipeleka nyumbani kwa Komeo. Vyumba viwili. Nepi zimeanikwa kutoka ukuta mpaka ukuta, nikaingia nimeinama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Majibu nilikuwa nimeyapanga njia nzima, mengine mazuri sana. Akatokea na kichanga begani, akanikaribisha, akanivutia kiti.

"Kifua chako kinaendeleaje, kaka?"

Basi. Na majibu yangu yote yakapotea. Nililia mbele ya mke wake na nepi zake, mtu mzima mimi, mwenye herufi. Nikamwambia kwamba siku ile kikohozi kilikuwa cha kuigiza. Akasema alijua, maana mwenye kikohozi cha kweli hakatizi katikati kuangalia kama anatazamwa. Lakini mvua haikuwa ya kuigiza, alisema, na midomo yangu ilikuwa imegeuka rangi. Asingeweza kuniacha pale. Alisema hivyo taratibu huku anampigapiga mtoto mgongoni acheue. Mkewe aliacha kuanua nepi. Alinitazama tu, na mimi nikawa natazama nepi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikamweleza mke wangu kila kitu, na bila kujipamba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho ukifungua mdomo, msemee yule mtu. Ya kwako utayasema siku nyingine."

Namshukuru. Wengine wake zao wangewapa chakula kwanza.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika pole pole.

Mkurugenzi alikaa kwenye meza kubwa, Mhariri pembeni yake. Komeo alisimama mlangoni. Akaambiwa akae, akasema amezoea. Bi M aliingia bila kualikwa, amebeba kiti chake mwenyewe.

Mkurugenzi akasoma kadi kwa sauti, mbele na nyuma, akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nikasimama. Nikasema nimetunga. Hakukuwa na mvua, hakukuwa na geti, hakukuwa na chai. Yote nimeyatoa kichwani, nifukuzwe mimi, mlinzi aachwe.

Mkurugenzi akaigeuza tena kadi, kidole chake kikatua pale penye chai ya tangawizi. Akamuuliza Mhariri kama mimi nina uwezo wa kutunga kitu cha namna hii. Mhariri akavua miwani. Akasema kwa masikitiko kwamba amesoma kadi zangu tangu ya kwanza, na hajawahi kuona dalili yoyote ya kipaji hicho. Namshukuru kwa ukweli wake, ingawa ulinichoma.

Sikuwa na pa kujificha tena. Nikasema yote. Kwamba kitambulisho nilikiacha makusudi kwenye droo. Kwamba mara ya kwanza alinikatalia, na viatu nikamsifia bure. Kwamba kikohozi kilikuwa cha babu. Kwamba mwenye kustahili adhabu ni mimi, na kwamba nilikwenda nyumbani kwake na akaniuliza habari ya kifua. Hapo nikakaa.

Bi M akaomba kadi. Akaisoma kana kwamba hajawahi kuiona.

"Tukio ni la kweli," akasema. "Neno ndilo limekosewa. Mtu mlegevu ni yule ambaye geti limemponyoka. Amelala, au hajali, watu wanapita hana habari. Huyu alikuwa macho. Mtu huyu alipokuwa mkavu, alimkatalia. Alipomwona amelowa, alijua amri inasema nini, alijua na dirisha lako liko wapi, akafungua akijua atakayeulizwa ni yeye. Huo si ulegevu, Mkurugenzi. Hiyo ni huruma. Ina neno lake, na kadi yake bado iko tupu."

Mkurugenzi akamgeukia Komeo. Akamuuliza kama ni kweli alijua.

"Nilijua," akasema Komeo. "Na ikinyesha vile tena, na awe yeye tena, nitafungua."

Mkurugenzi aliisogeza kadi pembeni. Alichukua kalamu, akaiweka, akaichukua. Mtu wa mahesabu yule, ukiona kalamu inasita ujue kuna jambo. Mwishoni akasema amri ile aliiandika yeye, na aliiandika ili wageni wasijipitie hovyo, hakuiandika ili wafanyakazi wapatwe na homa ukutani. Ataiongezea mstari. Komeo arudi getini leo leo. Na mimi nihamishe kadi yangu mahali pake, nisimpotezee muda tena.

Komeo akavaa kofia. Alipopita karibu yangu alinigusa bega. Sijui nimefanya jema gani duniani nikastahili mtu wa namna ile.

Nikahamisha. Leniency: "Kwa huruma ya mlinzi, mtu aliyelowa aliruhusiwa kuingia bila kitambulisho." Lava nayo ikapita, Mhariri amenikubalia nitumie ushahidi wa shemeji yangu, ambaye safarini aliwahi kuona mlima unatapika moto na mpaka leo hatupumzishi na habari hiyo.

Likabaki laxity. Tupu! Na saa ya ukutani ikafika sita.

Niliitazama saa. Bi M naye aliitazama. Nikaiona herufi X inanijia na vijineno vyake. Mhariri akapita na kikombe chake cha chai, akaiona kadi tupu, akaniwekea mkono begani, akasema basi, niilete Jumatatu. Hivyo tu, akaenda zake. Nilitaka kumkimbilia nimbusu mkono.

Nilimshukuru Bi M. Nikamwambia kuanzia leo yeye ni dada yangu. Akasema alifanya kwa ajili ya Komeo. Nikamshukuru na kwa hilo.

Jumatatu, 11 Machi

Jumamosi na Jumapili nimekuwa mtu wa shukrani tupu. Nimemshukuru mke wangu kwa ushauri, kwa koti, hata kwa kunitoa kitandani. Nimeshukuru kwa Komeo, kwa wanawe wote, na kwa nepi. Lililonisumbua ni Mhariri. Mzee amenitendea wema ule, na mimi nimrudishie nini? Mke wangu akasema shukrani nzuri ni kufika na kazi iliyokwisha na kufunga mdomo. Ushauri mzuri, ila haumfai mtu mwenye moyo kama wangu.

Getini Komeo alinisimamisha. Akauliza kifua, kisha akaomba kitambulisho. Nikampa kwa mikono miwili.

Nikakaa mezani mbele ya kadi tupu. Nikawaza wema wa Mhariri. Nikaitazama kadi. Nikawaza tena wema wa Mhariri. Na hapo, jamani, pazia likafunguka! Mfano si ninao? Ninao tangu Ijumaa! Mwisho wa kazi ulikuwa saa sita. Saa sita ikapita. Na Mhariri hakukaza!

Lakini mimi sikurupuki. Mtu akiumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeshaumwa. Nikajiuliza kwanza, isije ikawa ni huruma. Nikampima kwa kipimo cha Bi M mwenyewe. Mwenye huruma yuko macho, anatazama, anajua amri, ndipo anafungua. Je, Mhariri alitazama saa? Hakutazama. Aliuliza sababu? Hata moja. Miwani yake ilikuwa wapi? Ilikuwa inaning'inia shingoni! Geti limemponyoka kabisa, mzee wa watu. Ni ulegevu, hauna hata chembe ya shaka, na ni mzuri kuliko wowote ambao ningeutafuta mitaani.

Nikaandika kwa mwandiko wangu bora:

"Kwa sababu ya ulegevu wa Mhariri, herufi L ilichelewa siku tatu na hakuna aliyechukuliwa hatua."

Nyuma nikaweka siku, chumba, saa ya ukutani na kikombe cha chai. Nikaongeza na cheo chake kwa ukamilifu, ili sifa isije ikaenda kwa mhariri mwingine.

Bi M akauliza kama nimepata. Nikasema nimepata, na safari hii neno ni lake haswa. Akaomba kuiona. Nikamwambia, dada yangu, utaisoma kwenye kamusi kama watu wengine. Alinyanyuka, lakini nilishamtangulia. Nikaikimbiza mpaka kwenye trei ya Mkurugenzi, nikaiweka juu kabisa, na kwa kuwa mwenyewe alikuwepo nikamwonyesha kwa kidole. Aliisoma mara mbili. Akanishukuru kwa ukweli wangu.

Wakati narudi nikakutana na Mhariri kwenye korido. Akauliza kama L imekwisha. Nikasema imekwisha, mzee wangu, na isingekwisha bila wewe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamlengalenga, akasema miaka yote hii hakuna mwandishi aliyewahi kumwambia hivyo. Nilimwacha afurahi. Sikutaka kumharibia kwa kumwambia mapema, maana anaitwa juu saa tisa.